Kuhesabu Vichwa: Maana na Asili ya Msemo wa Waingereza juu ya Uchaguzi



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya neno dogo la Kiingereza, neno la herufi nne tu, ambalo husikika kila penye habari ya uchaguzi. Wengi wetu hulipita kama mtu apitavyo jiwe la njiani, asijue kwamba jiwe hilo ni la msingi wa nyumba ya kale.

Siku moja tulikuwa darasani katika chuo cha walimu, tukisoma pamoja na wanafunzi wetu habari ya uchaguzi katika gazeti la Kiingereza. Tukafika penye maneno haya: "to go to the polls". Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii asiyekubali kulipita neno bila kulijua, akafungua kamusi kubwa ya darasa akalitafuta neno "poll". Maana ya kwanza aliyoikuta ilikuwa kichwa, na hasa utosi, mahali panapoota nywele. Basi akasimama akatafsiri kwa sauti, bila kucheka: "Siku ya Alhamisi watu wa Uingereza wataenda vichwani." Darasa zima likaangua kicheko.

Hata sisi tulicheka. Lakini kicheko kilipokwisha tuliona kwamba kijana yule hakukosa. Alikuwa amefika kwenye asili ya neno kabla yetu sote. Kwa maana msemo huo, ambao maana yake leo ni kwenda kupiga kura, kwa asili ni habari ya vichwa vya watu na namna vilivyohesabiwa. Tena habari hiyo si ya Waingereza peke yao; mwisho wake, kama mtakavyosikia, umefika hata mlangoni petu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha miaka 700 iliyopita, "poll" lilikuwa neno la kawaida la kichwa, nalo lina undugu na maneno ya watu wa Uholanzi na wa kaskazini ya Ujerumani yenye maana ya utosi. Siku hizi Mwingereza akiumwa na kichwa halitumii tena neno hilo, kwa kuwa limezeeka, likaacha kazi yake ya kwanza. Lakini neno likizeeka haliondoki mara moja, huacha nyayo. Kiluwiluwi, yule mtoto wa chura aogeleaye madimbwini, kwa Kiingereza huitwa "tadpole", yaani chura-kichwa. Na aliyempa jina hilo alikuwa na macho mazuri, kwa maana kiluwiluwi ni kichwa na mkia tu. Ng'ombe asiye na pembe ana jina linalotokana na neno hilohilo, kwa kuwa kichwa chake ni kama kilichonyolewa. Mti uliokatwa kilele ili uchipue matawi mapya una jina la ukoo huo. Hata hati ya sheria ambayo mtu huiandika akitaka kubadili jina lake huitwa "deed poll", kwa sababu zamani ukingo wa karatasi yake ulikatwa sawasawa kama nywele zilizopunguzwa, hali hati za mapatano ya watu wawili zilikatwa kwa meno-meno ili vipande vyake vipate kulinganishwa.

Na kwa kuwa kila mtu ana kichwa kimoja, wala hakuna maskini asiye nacho wala tajiri mwenye viwili, kichwa kilikuwa kipimo chepesi cha kuhesabia watu. Wakubwa wa Uingereza waliliona jambo hilo mapema. Lakini walilolifikiri kwanza halikuwa kura. Lilikuwa kodi.

Mwaka wa 1377 Bunge la Uingereza, likihitaji fedha za vita vilivyokuwa vikiendelea na Ufaransa, liliamuru kila mtu aliyepita umri wa miaka 14, mwanamume na mwanamke, isipokuwa waombaji, alipe peni 4. Kodi hiyo ikaitwa kwa jina la kichwa. Mwaka wa 1379 ikatozwa tena, safari hiyo kwa kufuata vyeo vya watu. Na mwishoni mwa mwaka wa 1380 ikaamriwa mara ya tatu, shilingi moja nzima kwa kichwa, yaani mara tatu ya ile ya kwanza. Watozaji walipopita na madaftari yao wakaona ajabu. Vichwa vilivyoandikwa vilikuwa pungufu kwa kadiri ya theluthi moja kuliko vile vya mwaka wa 1377. Watu hawakufa kwa wingi huo katika miaka minne. Walijificha, au walifichwa na jamaa zao. Na waliotoweka katika daftari, wengi wao walikuwa wanawake wasio na waume.

Serikali ikatuma watu wengine kuvitafuta vichwa hivyo, na watu wa Essex na Kent wakaasi. Mwezi wa Juni 1381 wakaingia London wakiongozwa na Wat Tyler, wakakutana na mfalme Richard wa Pili, ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka 14. Tyler akauawa mbele ya mfalme, ahadi alizozitoa mfalme zikavunjwa, na maasi yakazimwa. Walakini jina la kodi ile halikusahauliwa. Mwaka wa 1990 serikali ya Margaret Thatcher iliweka katika England na Wales kodi ambayo watu wazima wa mahali pamoja walitozwa sawasawa, kodi iliyokuwa imeanza Scotland mwaka wa 1989. Watu wakaliacha jina lililoandikwa katika sheria, wakaiita kwa jina lile la miaka 600 iliyopita. Ghasia zikatokea London mwezi wa Machi, bibi huyo akaacha uwaziri mkuu mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na kodi ikaondolewa mwaka wa 1993. Tena, kama ilivyokuwa siku za Wat Tyler, wako waliotoweka katika daftari. Waliacha kuandikisha majina yao kuwa wapiga kura, wakihofu kwamba daftari la kura litamwonyesha mtoza kodi njia ya nyumbani kwao.

Hapo pana jambo la kushika. Kichwa cha mtu chaweza kuhesabiwa kwa sababu mbili. Mtawala huhesabu vichwa ili ajue atatwaa kiasi gani. Watu huhesabu vichwa vyao wenyewe ili wajue wanataka nini. Neno ni moja. Kazi ni mbili zisizofanana.

Basi neno lilitokaje kwa mtoza kodi likafika kwa mpiga kura? Zamani, mji au wilaya ya Uingereza ilipotaka kumchagua mjumbe wa Bunge, watu hawakuandika kitu. Walikusanyika mbele ya mkubwa wa wilaya aitwaye sherifu, majina ya wagombea yakatajwa, nao wakapiga kelele. Aliyepigiwa kelele kubwa ndiye aliyechaguliwa. Pengine waliambiwa wainue mikono. Lakini sote twajua kwamba mtu mmoja mwenye kifua aweza kupiga kelele za watu watano, na penye msongamano mkono mmoja huonekana kama miwili. Kwa hiyo mgombea asiyeridhika na kelele wala na mikono alikuwa na ruhusa ya kudai vichwa vihesabiwe. Hapo kila mwenye haki ya kuchagua alipita mmoja mmoja mbele ya karani, akataja jina lake na jina la amtakaye, na karani akaandika. Hesabu hiyo ndiyo iliyoitwa "poll". Shakespeare, katika mchezo wake wa Coriolanus ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, alilitumia neno hili penye habari ya uchaguzi wa Warumi, na katika karne hiyohiyo likazoeleka kuwa jina la hesabu ya kura. Baadaye likawa jina la mahali pa kuhesabia pia; na kutoka hapo ukazaliwa msemo wetu, kwenda penye vichwa, yaani kwenda kupiga kura.

Tusidhani lakini kwamba kila kichwa kilihesabiwa. Bunge lililoanza mwaka wa 1429 lilitunga sheria kwamba katika wilaya za Uingereza hatachagua mtu ila mwenye ardhi yake yenye kuzaa shilingi 40 kwa mwaka. Sheria yenyewe ilitoa sababu waziwazi: watu wasio na mali walikuwa wakija kwa wingi kwenye uchaguzi, na kila mmoja akidai kwamba sauti yake ni sawa na ya bwana mwenye cheo. Wahenga wetu walisema kwamba kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Wakubwa wale walisadiki hivyo juu ya vichwa vya maskini. Kipimo cha shilingi 40 kikadumu miaka mia nne.

Nao wachache waliokuwa na haki, je, waliitumiaje? Twaweza kuiona siku ya uchaguzi wa zamani kwa macho, kwa kuwa mchoraji William Hogarth aliichora katika picha nne za miaka ya 1754 na 1755, ambazo zimehifadhiwa London katika jumba la Sir John Soane. Picha ya tatu yaonyesha vichwa vikihesabiwa. Jukwaa la mbao limejengwa, na wapiga kura wapanda mmoja mmoja. Wa mbele ni askari aliyepoteza viungo vyake vitani. Amwapia karani kwa kuweka ndoano ya chuma juu ya Kitabu, kwa kuwa mkono hana, na wanasheria wabishana kama kiapo cha ndoano ni halali. Nyuma yake yuko mwingine anayebebwa, naye yu karibu na kufa. Mchoraji alifanya mzaha, lakini mzaha wake haukuwa mbali na kweli.

Tena hesabu haikwisha kwa siku moja. Katika Westminster, mwaka wa 1784, iliendelea siku 40. Hesabu ya kila siku ilijulikana mjini, na kila asubuhi watu wa pande zote walitoka kutafuta vichwa vingine. Georgiana, mke wa Duke wa Devonshire, alitembea mitaani kumwombea kura rafiki yake Charles James Fox, hata adui zao wakavumisha kwamba amembusu mwuza nyama ili apate kura yake. Pombe ilimwagika bure, na mafundi wa ngumi walikuwa na kazi.

Lakini ubaya mkubwa haukuwa pombe wala ngumi. Ubaya mkubwa ulikuwa ndani ya daftari. Sheria ya mwaka wa 1696 ilimpasa sherifu kutoa nakala ya majina ya waliochagua kwa kila azitakaye. Na mara nyingi madaftari hayo yalipigwa chapa yakauzwa kama kitabu cho chote. Basi mwenye mashamba aliweza kukaa nyumbani kwake jioni, akasoma jina kwa jina, akajua ni mpangaji gani aliyemfuata na ni yupi aliyemkaidi. Mpangaji aliyekaidi aliweza kuambiwa ahame. Mwenye duka aliweza kuona wateja wake wakubwa wamehamia duka la pili. Vichwa vilihesabiwa, naam. Lakini vilihesabiwa huku mwenye nguvu amevishika nywele.

Wako watu wa heshima waliotetea desturi hiyo, wala si haki kuificha hoja yao. John Stuart Mill, mwanafalsafa ambaye alitetea hata haki ya wanawake kupiga kura, aliandika mwaka wa 1861 kwamba kura ni amana, si mali ya mtu binafsi. Na mwenye amana yampasa kuitumia mbele ya macho ya wenzake, ili aone haya kuitumia kwa choyo. Hoja hii tumeijaribu darasani, na wanafunzi wengi waliipenda. Walisema kwamba muungwana hulisema neno lake waziwazi, na anayejificha ana lake jambo. Kisha mmoja aliyekuwa amekaa kimya akauliza: "Je, Mwalimu, na kama mwenye nyumba ninayopanga amesimama nyuma yangu?" Darasa likanyamaa.

Wafanyakazi wa Uingereza walikuwa wameuliza swali hilohilo zamani. Sheria kubwa ya mwaka wa 1832 iliviondoa viti vya miji midogo 56, miongoni mwayo Old Sarum, kilima kilichopeleka wajumbe wawili Bungeni hali wapiga kura wake hawakufika 20. Tena iliipunguza hesabu ya vichwa iwe ya siku mbili tu. Lakini daftari ililiacha wazi kama zamani. Kwa hiyo wale walioitwa Wachatisti, katika madai yao sita waliyoyatangaza mwaka wa 1838, waliweka hili kuwa moja: kura iwe ya siri. Tajiri, kwa maoni yao, hana haja ya siri, kwa maana hakuna wa kumwadhibu. Siri ni ngao ya mnyonge.

Bunge halikuwasikiliza upesi. Waliotangulia walikuwa watu wa makoloni ya Australia. Victoria na South Australia, mwaka wa 1856, waliweka sheria kwamba Serikali yenyewe itachapa karatasi zenye majina ya wagombea wote, na mpiga kura ataingia peke yake mahali pa faragha, atie alama, aikunje, aitumbukize sandukuni. Jambo hili sisi twaliona la kawaida kama kunywa maji, lakini lilikuwa geni hata likaitwa katika nchi nyingine kura ya Kiaustralia. Uingereza ililifuata mwaka wa 1872, tarehe 18 Julai, na jaribio la kwanza likafanyika katika mji wa Pontefract tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, alipochaguliwa Hugh Childers. Mji huo ulikuwa na sifa ya kutengeneza peremende kwa mzizi mtamu uitwao urukususu. Na sanduku la kura lilipotiwa lakiri, muhuri uliotumika ulikuwa ule wa kupigia chapa peremende. Sanduku hilo lingali limehifadhiwa katika mji ule. Twapenda kulifikiri. Madaftari ya karne nyingi, na pombe, na hofu ya mpangaji mbele ya bwana wake, yalishindwa na sanduku la mbao lililofungwa kwa muhuri wa peremende.

Hapo jambo la ajabu likatokea katika lugha. Chombo kipya kilikuja na jina jingine, "ballot", ambalo ni neno la Kiitalia la kipira kidogo, kwa kuwa watu wa Venice walichagua kwa kutia vipira katika chombo. Majukwaa ya mbao yakaondoka. Karani hakuandika tena jina la mtu mbele ya jina la mgombea. Lakini watu waliendelea kusema kwamba wanaenda kwenye vichwa, ijapokuwa tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kujua kila kichwa kimesema nini. Kichwa kikahesabiwa, na siri yake ikabaki ndani yake.

Bado lilisalia jambo moja: ni vichwa vya nani? Kumbukeni kwamba mwaka wa 1377 kodi haikubagua mwanamume na mwanamke. Kichwa cha mwanamke kilikuwa kichwa kamili kwa mtoza kodi. Lakini katika kuchagua Bunge vichwa vya wanawake havikuhesabiwa mpaka mwaka wa 1918, na hapo vilikuwa vya waliotimiza miaka 30 na wenye sifa nyingine zilizotakiwa. Wakapata kuwa sawa na wanaume mwaka wa 1928. Tangu kodi hata kura ni miaka 541. Na hata wakati ule vichwa vyote havikuwa na uzito mmoja. Mtu mwenye mahali pa biashara katika jimbo jingine, au mwenye digrii ya chuo kikuu, aliweza kupiga kura ya pili. Jambo hilo liliondolewa kwa sheria ya mwaka wa 1948, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa kichwa kimoja kura moja katika Uingereza ulikuwa ule wa mwezi wa Februari 1950.

Sasa, wasikilizaji wetu, tuje nyumbani. Waingereza walipofika kwetu walilileta neno hili pamoja na mizigo yao, nalo likatufikia kama lilivyowafikia wao: kodi mbele, kura nyuma. Katika Kenya sheria ya kodi ya kichwa ilianza mwaka wa 1910, juu ya kodi ya nyumba iliyokuwako, ili mwanamume asiye na nyumba ya kutozwa asiponyoke. Katika Tanganyika sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa iliandikwa mwaka wa 1922. Wazee wetu hawakuhitaji kamusi kujua maana ya "poll". Walitafsiri neno hilo vema kuliko walimu: kodi ya kichwa. Kila mwaka karani alihesabu, na aliyekosa stakabadhi alikuwa na mashaka.

Vichwa hivyo vilivyohesabiwa kwa kodi havikuhesabiwa kwa kura ila baada ya muda mrefu. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957, wajumbe 8. Na tangu kodi ya mwaka wa 1910 imepita miaka 47. Tena haikuwa kichwa kimoja kura moja: elimu, mapato, mali na utumishi vilipimwa, na mtu aliweza kupewa kura moja, au mbili, au tatu. Katika Tanganyika, uchaguzi wa mwaka wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu iliyotajwa, au cheo. Na kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake ikaharibika. Twaona kwamba zile shilingi 40 za mwaka wa 1429 zilikuwa zimesafiri mbali. Kichwa cha kila mtu mzima, bila kuulizwa mali wala elimu, kilihesabiwa katika Tanganyika kwenye uchaguzi wa Rais wa mwaka wa 1962, na katika Kenya kwenye uchaguzi wa mwezi wa Mei 1963.

Wala asifikiri mtu kwamba mambo ya sherifu na kelele za watu ni ya Wazungu wa kale tu. Mwaka wa 1988 chama cha KANU katika Kenya kilichagua wagombea wake kwa mlolongo. Kila mtu alisimama katika mstari nyuma ya mgombea amtakaye au ya picha yake, na vichwa vikahesabiwa mchana kweupe. Aliyepita asilimia 70 alikuwa amekwisha kupata kiti cha Bunge bila kupigiwa kura ya siri. Waliouanzisha walisema kwamba mstari hauwezi kusema uongo, kwa kuwa kila mtu auona. Lakini watu walilalamika katika mahali pengi kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Na aliyesimama katika mstari alionekana na jirani, na chifu, na mwajiri, kama mpangaji wa Uingereza alivyoonekana katika daftari. Mwisho wa mwaka wa 1990 chama chenyewe kikauacha mlolongo, na katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1992 watu wakatia karatasi sandukuni. Swali la mwanafunzi wetu, juu ya yule aliyesimama nyuma ya mtu, lilijibiwa hapo na nchi nzima.

Tumalize kwa neno letu wenyewe. Kura ni neno tulilolipokea kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza si kuchagua kwa akili. Ni kuachia bahati, au kumwachia Mungu. Wale mabaharia katika habari ya Yona, bahari ilipochafuka, walipiga kura ili wajue tufani imewapata kwa ajili ya nani. Wala hakuna aliyeulizwa maoni yake. Hata leo watoto wakigombea kitu kimoja huambiwa wapige kura, wafumbe macho na kuokota. Kwa hiyo sisi tukisema twaenda kupiga kura, neno letu lanong'ona habari ya bahati. Mwingereza akisema aenda kwenye "polls", neno lake lanong'ona habari ya hesabu. Kila neno lina hatari yake. La kwetu laweza kutuzoeza kuwaza kwamba uchaguzi ni bahati nasibu, na kwamba atakayetoka ametoka. La kwao laweza kuwazoeza kuwaza kwamba uchaguzi ni hesabu tu, na kwamba kichwa ni namba katika daftari.

Sisi twaona kwamba kijana yule wa darasani alitupatia njia iliyo bora kuliko zote mbili. Tulimwambia asiifute tafsiri yake, ila aitengeneze kidogo. Kwa maana kamusi ilimwambia kwamba "poll" ni utosi, mahali panapoota nywele. Na wahenga wetu, ambao hawakulijua neno hilo la Kiingereza, walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoza kodi alihesabu vichwa asiulize vina nini ndani. Anayehesabu kura ahesabu kilicho ndani. Basi siku ya uchaguzi ikifika, tusiende kama watu wanaotupa vijiti ili waone bahati itamwangukia nani, wala tusiende kama mifugo inayopita mlango wa zizi ikihesabiwa. Twende na vichwa vyetu, kila mtu na zake nywele; na tukiingia mahali pale pa faragha, tukumbuke kwamba ilichukua miaka mingi, na watu wengi wakahamishwa mashambani mwao, ili pasiwepo mtu nyuma yetu.